Karatasi za Ndoo ya Buluu

24 Novemba

Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ulikwisha jana. Leo nimeamka alfajiri kwa mazoea, nikakaa kitandani nikisikiliza mvua ikipiga bati la jikoni, bila kitu cha kukariri. Halafu nikakumbuka Dada Berna anafika, nikaenda kumpangia chumba.

Dada Bernadetta anasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Baba akiulizwa kanisani anasoma nini, anajibu "mambo ya utamaduni," na watu wanadhani ni ngoma. Dada anasema ni nadharia ya utamaduni: watu wanatengenezaje maana, nani ana ruhusa ya kusema, nani ananyamazishwa. Mama ni muuguzi na hapendi maneno marefu. Mezani amemuuliza, "Na ukimaliza, unatibu nini?"

"Macho, Mama. Watu waone namna wanavyoona."

"Macho natibu mimi," Mama akasema, akamwongezea ndizi kwenye sahani.

Amekuja kukusanya habari za tasnifu yake. Inahusu hofu. Mtaa mpya kama huu wetu wa Buswelu, wenyeji wakiuza mashamba na wageni kama sisi wa Kagera wakijenga, watu wanaogopa nini, na wanaisemaje hiyo hofu? Yeye atarekodi. Mimi nitaandika walichosema neno kwa neno, halafu nitatafsiri kwa Kiingereza. Anasema amenichagua kwa sababu nimesoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Nadhani amenichagua kwa sababu sisemi. Kwa Kiingereza nanyamaza nikiogopa kukosea. Kwa Kiswahili nanyamaza tu.

27 Novemba

Mvua. Nimemaliza mahojiano mawili. Mtu akitaka kudanganya kidogo anaanza na "kwa kweli."

29 Novemba

Leo tulikwenda kwa Bibi Kija. Nyumba yake ni ya mwisho, chini ya majabali, na shamba la mihogo linaizunguka pande tatu. Zamani mtaa wetu wote ulikuwa shamba la marehemu mume wake. Hata sebule yetu ilikuwa mtama. Sasa imebaki hiyo mihogo, na pembeni yake zimeshachimbiwa bikoni za wapima viwanja. Shigela, mtoto wa shemeji yake, ni dalali wa viwanja na anasema shamba ni la ukoo. Bibi anasema ukoo haujawahi kulipalilia hata siku moja.

Bibi namjua tangu nina miaka sita. Kila Jumamosi anakuja kwetu Mama amtilie dawa ya macho. Yamekuwa mekundu kwa moshi, amepikia kuni mbichi na mavi ya ng'ombe makavu maisha yake yote. Mama anamshika kidevu, anamwambia, "Angalia juu, Bibi," kisha, "Haya, fumba." Bibi hafumbi vizuri, kope zake zimelegea, kwa hiyo Mama anamalizia kwa vidole.

Dada aliweka simu ya kurekodia juu ya kigoda. Nanukuu hapa, kwa sababu nimeisikiliza mara nyingi.

"Bibi, hapa mtaani unaogopa nini?"

(Anacheka.) "Naogopa kuulizwa."

"Kwa nini tena, Bibi?"

"Watu wakikuuliza, mjukuu wangu, huwa wameshajibu."

Dada amefurahi kama mtu aliyeokota simu. Amemtumia msimamizi wake sentensi hiyo papo hapo. Anasema maprofesa wanaandika vitabu vizima kusema hivyo na hawafiki. Nilimpenda sana Dada leo. Anapiga magoti kusalimia, anakaa chini kwenye mkeka na suruali yake nyeupe, halafu anasikiliza mpaka mtu anajiona ana maana.

1 Desemba

Watu wamegoma. Hawakatai, wanakaribisha chai, lakini simu ikiwekwa mezani wanaanza kuongea kama taarifa ya habari. "Kwa kweli mtaa wetu una amani." Dada amerudi ameloa, akajitupa kwenye kochi. "Wananipa mtaa wa kwenye hotuba," akasema. "Hofu yenyewe wanaiacha jikoni."

Nikasema, "Waandike."

Wote wakageuka. Mimi huwa sichangii mezani.

"Waandike kwenye karatasi," nikasema. "Bila majina. Mtu mwenye aibu anaweza kuandika asichoweza kusema."

Dada akaruka akanikumbatia. Ikapangwa hapohapo: kesho kuna mkutano wa mtaa kuhusu bomba la maji, Mwenyekiti ataombwa nafasi mwishoni. Kila mtu karatasi moja, jambo moja la hapa mtaani linalomtisha, anakunja, anatumbukiza kwenye ndoo.

"Ndoo ipi?" Mama akauliza.

"Ile ya buluu yenye mfuniko."

Mama ndiye aliyeiosha.

2 Desemba

Nataka kuandika vizuri jinsi ilivyokuwa, kwa sababu Dada anasema ilikwenda vizuri na mimi sina hakika.

Mkutano wa bomba ulikuwa wa makelele. Watu walitukanana wakacheka. Kisha Mzee Nathaniel, mwenyekiti wa mtaa, akampa Dada nafasi. Dada akaeleza kwa lugha rahisi, na wote wakaendelea kunong'ona na kuchekeana, mpaka nilipoinua ndoo na kuiweka katikati.

Kukawa kimya. Si kimya cha kusikiliza. Mzee Antoni, mwenye ng'ombe, akavua kofia yake akaiweka magotini. Akina mama waliokuwa wamekaa pamoja wakasogea, kila mmoja akapata nafasi yake. Watu waliandika wakiwa wamezungushia karatasi mkono, kama sisi kwenye mtihani. Wasiojua kuandika walisaidiwa, na Shigela alijitolea sana kuwaandikia. Bibi Kija hakumwendea. Aliniita mimi, akaniwekea mdomo sikioni.

"Andika: kufa bila mtu wa kunifumba macho."

Niliandika. Alikaa palepale kwenye benchi ya mbele, mikono mapajani, huku mtaa mzima ukiandika nyuma yake.

Na mimi niliandika yangu: kusimama mbele za watu.

Mwisho Mzee Antoni akauliza, "Zinasomwa saa ngapi?"

"Hazisomwi, Mzee," Dada akajibu akitabasamu. "Ni siri. Nimeahidi, na chuo kina kamati ya maadili, hawaruhusu."

"Hazisomwi?"

"Hata kidogo."

Mzee Antoni akavaa kofia yake. Watu wakaondoka bila kuagana. Njiani Dada alikuwa akiimba. "Umeona walivyokuwa makini, Linda? Sijawahi kuona mbinu ikishika namna ile."

3 Desemba

Baada ya misa nimeziingiza zote kwenye laptopu. Nyingi zinachekesha au zinasikitisha. Mbwa wa kwa Mchungaji. Giza la njia ya kisimani. Mume wangu akitoka kilabuni. Kubomolewa. Nyoka wa kwenye majabali. Moja imeandikwa tu: "Nyinyi." Dada ameipiga picha.

Tatu zinamtaja Bibi Kija.

Ya kwanza: "Bibi wa mwisho, macho yake." Ya pili: "Mchawi Kija." Ya tatu ina maneno matatu tu: "Mikono ya Bibi." Nimeishika hii ya tatu muda mrefu. Herufi zimelala kushoto, na kila i ina kiduara badala ya nukta. Mwandiko huo umeandika jina langu kwenye madaftari yote ya shule ya msingi.

Ni wa Mama.

Nimeandika basi. Nitaficha shajara hii chini ya godoro, kisha nitakwenda kumsaidia kumenya ndizi.

4 Desemba

Siwezi kulala mchana wala kusoma. Nawaza kuhusu Yakobo. Alikuwa mdogo wangu. Tulikuwa ndiyo tumehamia, Mama alikuwa zamu, msichana wa kazi ametoroka, na Bibi Kija akamlea siku moja, akamwogesha, akamrudisha amelala. Usiku ule homa ikapanda. Alizikwa kwetu Kagera. Mama aliwaambia wote ni malaria, hata mimi nilifundishwa kusema hivyo shuleni. Sikuwahi kusikia neno lingine nyumbani kwetu. Na tangu hapo, kila Jumamosi, dawa ya macho.

5 Desemba

Mvua mchana kutwa. Ziwa halionekani toka juu ya jabali, ni ukungu tu.

6 Desemba

Radi imeua ng'ombe wawili wa Mzee Antoni. Mchana, wamefungwa palepale chini ya mti. Sauti ilikuwa kama mlango wa chuma umepigwa ndani ya kichwa changu.

Jioni Mama alinituma dukani. Winnie, anayeuza pale, tulisoma wote mpaka la saba kabla sijahamishiwa bweni. Hakunipa chenji, alinivuta nyuma ya friji.

"Nyie Wahaya mnajua mlichofanya?"

"Tumefanya nini?"

"Kura, Linda! Mmepigisha watu kura ya siri."

"Ule ulikuwa utafiti."

"Utafiti wa nani? Ndoo, karatasi, bila majina, andika unachokiogopa. Wewe umekulia wapi? Kwa babu yangu, wezi wa ng'ombe wakizidi, au watu wakifa hovyo, sungusungu, wale walinzi wa jadi, wanaita mkutano. Ndoo inakaa katikati. Kila mtu anaandika jina la anayemshuku. Zinasomwa mbele ya wote, na jina likirudiwa, mwenye jina anajua la kufanya. Asipojua, anafahamishwa."

"Lakini sisi hatukusoma jina."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Zisiposomwa, kila mtu anajisomea. Sasa radi imeshuka, wanasema ndoo ilimgusa mtu naye amejibu." Akanipa chenji. "Mwambie dada yako. Na usiseme mimi ndiye nimekwambia."

Nilimwambia Dada. Macho yake yakaanza kung'aa. Nilidhani analia.

"Linda," akasema, "hii ni sura nzima ya tasnifu."

7 Desemba

Dada ameandika kutwa nzima. Kurasa na kurasa. Nilipompelekea chai alinisomea: ndoo siyo chombo cha kukusanyia hofu, ndoo ndiyo inayoizalisha. Ni kweli, na imeandikwa vizuri. Nilitaka kumuuliza, sasa Bibi? Nikachukua kikombe nikatoka.

9 Desemba

Jumamosi. Bibi alikuja kama kawaida, akajikinga mvua kwa mfuko wa mbolea. Alisema njiani watoto hawakumwamkia. "Wamekimbia kama kuku. Nikadhani kuna gari nyuma yangu."

Mama alinawa mikono, akafungua kichupa. "Angalia juu, Bibi." Matone mawili, mawili. "Fumba." Nilisimama mlangoni kama kawaida yangu. Zamani niliona mama mwema. Leo niliangalia vidole vyake, nikaona kwamba kila vinapomgusa, pumzi yake inasimama. Labda imekuwa ikisimama miaka yote.

Alipoondoka Mama alinawa tena, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko.

11 Desemba

Wamefyeka mihogo yake. Shamba zima. Haikuchukuliwa, imelazwa, shina baada ya shina, mstari mmoja ulionyooka toka kwenye bikoni mpaka mlangoni kwake. Tumeikuta asubuhi, Dada na mimi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mwisho wa mstari, anaangalia.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ahsante." Hakuna mtu anayeshukuru kwa shikamoo.

Dada alitoa simu apige picha, kisha akairudisha mfukoni. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba na yeye anaogopa, na kwamba nadharia yake ilikuwa imemwahidi kuwa hataogopa.

Shigela alipita na pikipiki taratibu. "Poleni na mvua," akasema.

12 Desemba

Dada amekwenda kwa Mwenyekiti kueleza. Mzee Nathaniel amemsikiliza mpaka mwisho, akamjibu hivi (nilikuwepo): "Binti yangu, mimi nimekuelewa. Nimesoma. Sasa nielezee nitawaambia nini watu mia mbili ambao wanajua walichoandika."

"Waambie hakuna jina."

"Lipo au halipo?"

Dada hawezi kusema uongo kuhusu habari alizokusanya, na hawezi kusema ukweli. Mwenyekiti ameitisha mkutano Jumamosi. Ndoo iletwe.

Polisi? Baba alipiga simu toka Geita anakofanya kazi, akaongea na mtu anayemfahamu. Jibu ni kwamba mihogo imefyekwa, itafunguliwa jalada la mihogo.

13 Desemba

Mvua. Hakuna mtu dukani aliyenisalimia isipokuwa Winnie, kwa nyusi.

15 Desemba

Dada amekata shauri. Kesho atazichoma mbele ya watu wote. "Hakuna karatasi, hakuna kura. Waone kwa macho yao." Ameweka kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe.

Mama alikuwa anapasi sare yake. Alisema bila kuinua kichwa, "Choma."

16 Desemba

Nimechoka, lakini niandike yaliyotokea kabla sijaanza kuyabadilisha.

Walikuja wengi kuliko siku ya bomba. Mvua ilikuwa imepumzika, mawingu yako chini kabisa, yamegusa majabali. Bibi Kija alikuja peke yake akakaa benchi ileile ya mbele. Benchi ilibaki yake mwenyewe.

Dada akasimama. Alianza vizuri, akawaomba radhi, akasema hakujua mila ya kura. Kisha akaingiwa na hofu, na akiwa na hofu Dada anaongea kama anavyoandika. Akasema yeye si mahakama. Akasema maana ya karatasi haiko kwenye karatasi. Watu wakaanza kuguna. Akatoa kiberiti.

"Anachoma kura!" mtu akapiga kelele.

"Usichome wewe!"

"Anamficha!"

Waliokuwa nyuma wakasimama. Niliona panga moja, la kawaida la shambani, lakini mwenye nalo hakuwa ametoka shambani.

Ndipo Bibi akainuka. Alichukua muda. Hakuwageukia watu, alimtazama Dada.

"Soma," akasema.

"Bibi, siwezi. Niliwaahidi siri."

"Wao uliwaahidi siri. Mimi uliniahidi nini?"

Dada akafungua mdomo. Miaka yote niliyomjua, sijawahi kumwona akikosa neno. Nilimsubiri, na watu wote walimsubiri, na hakuna lililokuja.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka ndoo ikiwa mikononi mwangu, na mfuniko ukikataa kufunguka, na mtu akicheka. Nikasoma ya kwanza. Sauti ilitoka ndogo. "Paza!" wakasema. Nikapaza.

"Mbwa wa kwa Mchungaji." Kuna waliocheka, Mchungaji pia. "Giza la njia ya kisimani." "Kubomolewa." "Mume wangu akitoka kilabuni." Akina mama wakashangilia, wanaume wakaangalia chini. "Kusimama mbele za watu." Nilisoma hiyo bila kupumua. "Nyinyi." "Nyoka." "Kufa bila mtu wa kunifumba macho." Hapo kukatulia. Hakuna aliyejua ni ya nani, lakini vichwa kadhaa viliinama. Nilimwona Mama kati ya akina mama wa jumuiya, kitenge amekivuta mpaka kidevuni.

Kisha nikafungua ile ya macho ya Bibi.

Tangu Novemba kazi yangu imekuwa moja: neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza. Dada alinifundisha kwamba hata kikohozi kinaandikwa.

"Radi," nikasoma.

Nikaikunja nikaendelea. Kubomolewa tena. Kufeli. Mgambo. Nikafika ya mchawi. "Njaa," nikasema. Nikaendelea. Nikafungua ya mwisho, na hata kabla ya maneno niliona viduara juu ya herufi. Nikainua macho. Mama alikuwa ananiangalia. Alijua. Alikuwa akihesabu pamoja nami, yake tu ndiyo ilikuwa imebaki.

"Radi," nikasoma.

Mwenyekiti akauliza, "Zimekwisha?" Nikapindua ndoo, zikamwagika zote kwenye udongo. Dada akaamka kama mtu aliyemwagiwa maji, akapiga kiberiti, akazichoma palepale kabla mtu hajainama. Zilikuwa na unyevu, zilitoa moshi mwingi, na Bibi Kija ndiye aliyekuwa karibu na moshi.

"Basi," akasema Mzee Nathaniel. "Mmesikia wenyewe. Hakuna jina. Mkutano umefungwa."

Walitawanyika wakinung'unika. Mwenye panga aliliweka kwapani kama kitu cha aibu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba imeisha, Shigela akapita karibu nami, akainama kuokota ndoo, akanipa kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Una sauti nzuri, mtoto wa Rwegasira. Usomee utangazaji." Akatabasamu. "Mimi nilimwandikia mzee mmoja hapa, na yangu mwenyewe. Nimetega sikio mwanzo mpaka mwisho, sikuzisikia."

Nikaikumbatia ndoo.

"Si kitu. Vuli bado ndefu."

17 Desemba

Jikoni, baada ya misa. Mama alikuwa anachambua dagaa.

"Yangu ulisoma nini?"

"Radi."

"Radi," akarudia, kama anaonja chumvi. "Sawa."

Nilidhani amemaliza. Alichambua dagaa wengine, akatupa kichwa hapa, kichwa pale.

"Mimi ni muuguzi, Kokulinda. Damu ya Yakobo niliipeleka maabara mwenyewe. Nilichungulia kwenye hadubini, nikaviona vijidudu kwa macho yangu. Malaria. Nakuapia mbele ya Mungu najua ni malaria."

"Sasa kwa nini, Mama?"

"Mliniuliza ninachokiogopa. Hamkuniuliza ninachokijua."

Nikakaa chini nikamsaidia. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Miaka yote nimemgusa kila Jumamosi ili niache kuogopa. Haijaacha."

Mama yangu si mtu mbaya. Naandika hivi ili nikisoma nikiwa mtu mzima nisije nikasema alikuwa mbaya. Na Shigela nitamwitaje? Na huyo mzee aliyeandikiwa ni nani? Leo kanisani nilitoa mkono wa amani kwa wazee wote wa safu ya mbele, nikiangalia vidole.

20 Desemba

Dada ameondoka na basi la alfajiri. Jana, tulipokuwa tunafunga mizigo, aliniuliza, "Ulibadilisha ngapi?"

"Tatu."

"Inabidi niandike hilo. Mtafiti msaidizi aliingilia."

"Usiandike."

"Linda, bila hilo sura haisimami."

"Na Bibi?"

"Nitabadilisha jina lake."

Nilimwangalia. Ni dada yangu, ananipenda, amelia usiku kucha kwa ajili ya Bibi, nimemsikia. Na atabadilisha jina, na ataacha vilevile majabali, na mihogo, na nyumba ya mwisho, na macho.

"Jina hawakulihitaji, Dada," nikasema.

Akafunga zipu ya begi. Mlangoni alinikumbatia sana.

22 Desemba

Mvua. Bikoni mbili mpya zimechimbiwa, ndani ya mahali palipokuwa na mihogo. Mwenyekiti anasema hajui waliozichimbia.

23 Desemba

Jumamosi. Nilidhani hatakuja. Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano, hakutiliwa dawa, na baada ya ule moshi macho yamevimba. Nilimwona toka getini akishuka polepole na mfuko wake wa mbolea kichwani. Wanawake wawili waliokuwa wanaipanda njia hiyo wakavuka upande wa pili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake ni vikavu, vina nguvu. "Siku ile ulinyamaza mara tatu."

"Bibi?"

"Mimi sijui kusoma, najua kusikiliza. Ulisoma kama maji, halafu unakwama, halafu unasoma. Mara tatu. Mimi nilidhani ni wengi zaidi." Akaachia mkono. "Ahsante. Ila wenye karatasi nao walikusikia ulivyokwama. Ujiangalie njiani."

Nikataka kumwambia asiingie. Nikataka kumwambia aingie haraka. Nilifungua geti.

Mama alikuwa ameshanawa. Alikaa amevaa sare yake ya kazini ingawa yuko likizo, kichupa kimeshafunguliwa. Bibi akakaa kwenye kiti chake. Nilisimama mlangoni. Barabarani pikipiki yenye mlio kama wa ile ya Shigela ilikuwa imesimama bila kuzimwa, nilikuwa naisikia.

"Angalia juu, Bibi."

Tone la kwanza lilikosea, likashuka shavuni. Mama alilifuta kwa kidole gumba, akajaribu tena.

"Leo mkono wako mzito, mwanangu," Bibi akasema.

"Ni baridi tu."

"Ee. Ni baridi."

Upande wa pili. Tone, tone. Bibi akabaki ameinua uso, macho mekundu yako wazi, yanamwangalia Mama moja kwa moja, hayapepesi. Mama naye hakuondoa yake. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Pikipiki ikazima.

"Fumba," Mama akasema.

Bibi hakufumba. Alisubiri, mikono mapajani, kama alivyokaa kwenye benchi siku ya ndoo.

Mama akanyoosha vidole viwili, akaviweka juu ya kope zake, akazishusha taratibu, akavibakiza hapo.